Kitabu Chenye Kufuli na Amri ya Saba



Barua imetufikia kutoka Majimoto, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule, baba wa watoto wanne, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Tuliposoma mara ya kwanza tulitabasamu, maana tulidhani ni jambo la mitambo tu, wala si la roho. Tuliposoma mara ya pili hatukutabasamu tena. Karibu na mwisho wa barua tuliukuta mstari mmoja mfupi: kwamba Jumapili mbili sasa amebaki kitini wakati wenzake wanakwenda kukomunika.

Habari yenyewe ni hii. Binti yake wa kidato cha pili hupenda mno hadithi za ajabu, zile za nchi zisizokuwapo, za majoka yasemayo na wafalme wakaao chini ya ardhi. Mwalimu hana duka la vitabu karibu naye. Mwezi wa Desemba aliona kwamba duka moja la nchi za nje, lenye kuuza vitabu vya kusomea katika simu, limepunguza bei: kitabu cha shilingi 25,000 chauzwa kwa shilingi 3,000. Akanunua vitano, akafurahi kama mtu aliyepata debe la mpunga kwa bei ya kibaba. Mwezi haukuisha, simu ikamponyoka ikaingia katika maji ya jaruba, ikafa. Shemeji yake akamletea kutoka Dar es Salaam kifaa cha mtumba, kilichotengenezwa hasa kwa kusomea vitabu, ila ni cha kampuni nyingine. Akavihamishia humo vitabu vyake vitano. Vikakataa kufunguka, kila kimoja.

Ndipo alipokwenda kwa fundi wa simu. Fundi kwa shilingi 5,000 akavunja kufuli la vitabu vile kwa programu aliyokuwa nayo katika kompyuta yake, na binti akasoma. Lakini mambo hayakuishia hapo. Fundi aliomba abaki na nakala, akampa Mwalimu shilingi 10,000, na sasa vitabu vile vyauzwa mnadani ndani ya memori kadi, pamoja na filamu na nyimbo. Mke wa Mwalimu asema kitabu ulichokilipia ni chako, kama vile kuku uliyemnunua ni wako. Kaka yake, ambaye ni mzee wa kigango, asema kwamba huo ni wizi mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu atuuliza: kati ya hao wawili, nani asema kweli?

Twajibu kwamba wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja juu ya jambo lake.

Kwanza tuondoe neno moja dogo njiani. Wako wazazi Wakristu wanaodhani kwamba hadithi za namna hii ni mlango wa uchawi, na pengine Mwalimu ameogopa hilo pia. Sisi hatudhani hivyo. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, na mwaka uliofuata Adili na Nduguze, yenye majini na watu waliogeuzwa manyani. Wala hatujasikia kwamba mtu alipoteza imani yake kwa kuvisoma. Bibi zetu walitusimulia juu ya sungura mwenye kusema. Mzazi na asome kidogo kabla ya mtoto, kama afanyavyo kwa kila kitabu, kisha amwache asome. Yatosha.

Sasa juu ya kufuli. Inafaa kila mzazi anunuaye vitabu hivi ajue jinsi linavyofanya kazi, maana wengi hulipa bila kujua. Faili la kitabu hufumbwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake haumo katika kifaa unachokishika mkononi. Umefungamana na akaunti yako kwa muuzaji. Programu ya muuzaji huuliza: je, msomaji huyu ndiye aliyelipa? Ikijibiwa ndiyo, kitabu hufunguka. Na kila nyumba ya biashara ina kufuli lake. Amazon, iliyoanza kuuza kifaa chake kiitwacho Kindle mwaka 2007, hutumia namna zake yenyewe za mafaili. Wengine wengi hutumia faili liitwalo EPUB, na baadhi yao hulifunga kwa kufuli la kampuni ya Adobe. Kitabu kilichofungwa kwa kufuli hilo chaweza kuhama kutoka kifaa cha Kobo hadi kingine cha namna hiyo, mradi akaunti ni ileile, lakini Kindle hakitakifungua. Ni kama mtu aliyeuziwa sanduku, akaambiwa kwamba litafunguka katika nyumba ya fundi aliyelitengeneza tu.

Hapo ndipo mke wa Mwalimu ana haki ya kulalamika. Kuku aliyenunuliwa humfuata mwenyewe popote anapohamia. Kitabu hiki hakimfuati. Mwezi Julai mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviingiza dukani hakuwa na haki navyo. Kimoja kilikuwa kile ambacho sisi twakijua kwa jina la Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Hata hivyo watu walitambua kwamba kitabu walichodhani ni chao kilikuwa bado na mkono wa mwingine ndani yake. Mwaka 2019 Microsoft ililifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vikazimika, ijapokuwa wanunuzi walirudishiwa fedha zao. Katika jimbo la California huko Marekani ilitungwa sheria, nayo imefanya kazi tangu Januari 1, 2025, ya kwamba muuzaji asilitumie ovyo neno "nunua" ikiwa kwa kweli anatoa ruhusa ya kusoma tu. Sharti aseme wazi.

Twaona sheria hiyo ni ya haki. Amri ya saba haimfungi mnunuzi peke yake. Anayeuza ruhusa na kuiita kitabu, huku akijua kwamba maskini wa mbali hataweza kusoma masharti yenye kurasa ishirini za Kiingereza cha mawakili, naye ana deni la kujibu mbele ya Mungu. Na kuna hasara nyingine ambayo wauzaji hawa hawaizungumzi. Vitabu vya zamani, vile vilivyopigwa chapa na mapadre huko Kipalapala, Tabora, au na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, vilizunguka kutoka nyumba hadi nyumba hata majalada yakang'oka. Babu alimwachia mjukuu. Kitabu chenye kufuli hakiazimiki kwa jirani, wala hakirithiwi kwa urahisi.

Basi je, Mwalimu alifanya wizi alipolivunja kufuli ili binti yake asome vitabu alivyolipia? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2408, hufundisha kwamba wizi ni kuitwaa mali ya mtu kinyume cha mapenzi yake yaliyo ya haki. Na kwamba wizi haupo pale ambapo ridhaa ya mwenyewe yaweza kudhaniwa, au ambapo kukataa kwake kungepinga akili na makusudio ya mali za dunia kuwa kwa ajili ya watu wote. Mwandishi wa kitabu amekwisha kupata fungu lake kutoka kwa mkono wa Mwalimu. Msomaji ni yuleyule, nakala ni ileile, simu ndiyo iliyokufa. Hatuwezi kumwita mtu huyo mwizi, na tungemhurumia kaka yake ikiwa angeendelea kumwita hivyo.

Hata hivyo hatukisifu kitendo chenyewe. Mnunuzi alikubali masharti, hata kama kwa kubonyeza tu bila kusoma, na ahadi ni ahadi. Zaidi ya hayo, mataifa yalipatana katika mkataba wa mwaka 1996 kwamba makufuli haya yalindwe na sheria, na Marekani ikaitunga ya kwake mwaka 1998. Raia mwema haipuuzi sheria kwa sababu tu imemkera. Na hasa, Mwalimu hakuwa na haja ya kuvunja kitu! Njia ilikuwapo, nayo ni ya bure. Kwa kuwa ufunguo uko katika akaunti, angechukua simu yoyote nyingine, hata ya mke wake, akaiweka programu ya duka lile, akaingia kwa anwani na neno la siri alilotumia wakati wa kununua, na vitabu vyote vitano vingejitokeza mbele yake. Neno la siri likisahauliwa hubadilishwa. Likishindikana hilo, mnunuzi humwandikia muuzaji, akadai kisomeke alichokilipia au arudishiwe fedha. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika miji yetu midogo fundi wa kuvunja yuko karibu, na mtu wa kueleza hayuko.

Wako pia wachapaji waliochoka na makufuli. Nyumba ya Tor ya Marekani, ambayo huchapa hasa hadithi hizi za ajabu anazozipenda binti wa Mwalimu, ilitangaza mwaka 2012 kwamba vitabu vyake vya kielektroni vitauzwa bila kufuli. Anayetaka kununua kwa bei ya punguzo na atazame kwanza kama duka limeandika kwamba kitabu hakina kufuli. Hiyo ni afadhali kuliko punguzo lenyewe.

Lakini sasa twafika kwenye zile shilingi 10,000.

Masimulizi ya kale ya Ireland husema kwamba katika karne ya 6 Mtakatifu Columba alikiazima kitabu cha Zaburi cha mwalimu wake, Mtakatifu Finnian, akakinakili kwa siri usiku. Finnian alipojua akaidai nakala ile. Shauri likapelekwa kwa mfalme Diarmait, naye akaamua kwa mfano wa mifugo: kama ndama alivyo wa mwenye ng'ombe, ndivyo nakala ilivyo ya mwenye kitabu. Wafugaji wa Mpimbwe watauelewa uamuzi huo upesi kuliko mawakili wa mjini. Columba hakuuridhia. Masimulizi huunganisha ugomvi ule na vita vya Cúl Dreimhne, mnamo mwaka 561, ambapo damu nyingi ilimwagika. Na mwaka 563 Columba aliiacha nchi yake akavuka bahari hadi kisiwa cha Iona, akawa mmisionari.

Tukiri kwamba mioyo yetu humwelekea Columba kidogo. Alitaka Zaburi zienee, na Finnian hakuwa mtungaji wa Zaburi. Mfalme Daudi hakuwa na watoto wa kulipiwa ada kutokana na nakala ile. Lakini vitabu vya mnadani Majimoto vina waandishi walio hai, wenye kodi ya nyumba na daktari wa kulipwa. Hapo tofauti ni kubwa kuliko yote.

Yuko mwandishi mmoja Mkatoliki, J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, ambaye hadithi zake za ajabu zimesomwa duniani kote. Mwaka 1965 kampuni ya Ace Books ya New York ilikichapa kitabu chake kikuu, The Lord of the Rings, bila ruhusa yake na bila kumlipa, ikauza kila juzuu kwa senti 75. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilionekana kuwaachia mwanya, kwa hiyo kwenda mahakamani kulikuwa na mashaka. Mzee huyu, aliyekuwa na umri wa miaka 73, alifanya jambo dogo tu: alipowajibu wasomaji wa Marekani waliomwandikia, aliwaeleza kwamba toleo lile halikuwa na idhini yake. Baadaye mwaka uleule kampuni ya Ballantine ikatoa toleo lenye idhini, kwa senti 95, nalo likawa na maneno yake mwenyewe ya kuwaomba watu wanunue lile na si jingine. Wasomaji, wengi wao wanafunzi wasio na fedha, wakaongeza zile senti 20. Ace ikalazimika kukubali kumlipa, na kuahidi kutochapa tena.

Tazameni jambo hilo vizuri. Hapakuwa na kufuli lolote. Hata sheria ilionekana kulala. Kilichowasukuma vijana wale ni kujua kwamba nyuma ya kitabu yuko mtu aliyekifanyia kazi kwa miaka mingi. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao, kwamba kilio cha wavunaji hao kimemfikia Mungu. Twadhani kwamba mvunaji aweza kuwa mwandishi, na mwenye kuzuia ujira aweza kuwa mtu maskini kama sisi, mwenye simu na kidole.

Wala tusisafiri hadi Marekani kuutafuta mfano. Siku hizi waandishi wengi wa Kiswahili hupokea fedha kwa simu, kisha humpelekea msomaji faili la PDF kwa WhatsApp. Kufuli hakuna, au lipo la neno la siri tu, ambalo mnunuzi aweza kulitaja kwa mtu yeyote. Mwandishi amekaa na kitabu kile pengine miaka miwili, amemlipa mhariri na mchoraji wa jalada, akakiuza kwa shilingi 5,000. Mnunuzi wa kwanza akikitupa katika kundi lenye watu 200, mwandishi amepewa mkono wa shukrani na mlango umefungwa. Kisha twalalamika kwamba vitabu vya Kiswahili ni haba! Na zile kwaya zetu, ambazo huchanga fedha kwa shida ili zirekodi nyimbo: ni nani kati ya waamini ambaye hajawahi kujaziwa nyimbo zao katika fleshi kwenye kibanda cha stendi, kwa bei ya soda? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huwalinda hao wote, lakini askari hawezi kukaa katika kila simu.

Hatusemi haya kwa kujifanya watakatifu. Tulipokuwa seminari kuu tulidurufu vitabu vizima vya teolojia, tukavibana kwa uzi, na hapana aliyeungama jambo hilo, tujuavyo sisi. Tulijitetea kwamba tulikuwa maskini, na vitabu vile havikupatikana nchini. Utetezi ule ulikuwa na uzito kwa vitabu vingine, na kwa vingine haukuwa nao. Na jambo moja twalikumbuka kwa aibu: kulikuwa na mwenzetu aliyewauzia wa darasa la chini nakala zile kwa faida, nasi tukacheka. Mwenye njaa akichuma embe njiani, watu humwelewa. Akirudi na gunia, akaenda nalo sokoni, hapo neno jingine hutumika.

Kwa hiyo, Mwalimu wetu, kaka yako amesema kweli juu ya zile shilingi 10,000. Hukuuza kitabu chako, maana kilibaki kwako. Uliuza kazi ya watu watano ambao hawakukupa ruhusa. Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anasikitika, alihesabu fedha. Wewe huhitaji kurudisha mara nne. Nenda kwa fundi, kwa upole, maana naye ni kijana mwenye kutafuta riziki, umrudishie fedha zake, umwombe avifute vitabu vile katika kompyuta yake. Akikataa, umefanya ulichoweza katika hilo. Na kwa hasara ya waandishi kutokana na kadi zilizokwisha kuuzwa, njia iliyo rahisi ni kununua vitabu vingine vya waandishi walewale, kwa kiasi ambacho padre wako ataona chafaa baada ya kukusikiliza, uwape wasomaji wasio na uwezo. Hivyo fungu lao litawafikia kwa njia ya halali.

Kuhusu Komunyo, usikae kitini Jumapili ya tatu kwa sababu ya kufuli. Juu ya mauzo, waingia katika kitubio kabla ya Misa, useme kama ulivyotuandikia sisi, kwa ufupi, bila kueleza habari za simu na jaruba isipokuwa padre akikuuliza. Mtu aliyeandika barua kama ile hakuwa mbali na Mungu hata siku moja.

Kile kifaa cha mtumba usikitupe. Kinafungua vizuri mafaili ya EPUB yasiyo na kufuli. Uko mradi uitwao Project Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ambao hutoa bure vitabu ambavyo muda wa haki zake umekwisha huko Marekani. Humo kimo kile cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili tangu mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Binti yako na aanze na hicho kwa Kiingereza, na akimaliza atuandikie kama Elisi amempendeza. Barua yake tutaichapa.